Risasi ya Pili

Stechford, Birmingham
2 Novemba

Kwako dada yangu Peninah,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Natumaini goti la Mama limepata nafuu, na kwamba mahindi yameingia ghalani kabla ya mvua. Mimi mwili ni mzima. Mengine yasome ukiwa umeketi.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini sauti yangu imebadilika. Unamkumbuka Cheryl, mwenye ile nyumba ya wazee ninayofanyia kazi kule Edgbaston. Yeye ndiye mdhamini wa viza yangu. Akijiondoa, nitapewa wiki chache tu nipate mwajiri mwingine au nifunge mizigo. Anapenda sana kuwinda ayala, wale wa kwenye Zaburi, katika milima ya Uskoti. Mwezi uliopita aliniomba nimwendeshe huko na kumsaidia kubeba nyama. Hakunilazimisha, lakini sikuona pa kukatalia.

Milima ile, dada, ni mawe ya utelezi na makorongo yanayofunguka ghafla mbele ya mguu. Mzee mmoja wa huko, Ewan, ndiye aliyetuongoza. Tulitambaa kwa matumbo karibu saa nzima tukimfuata dume mmoja. Cheryl akampiga risasi, dume akaporomokea korongoni. Ewan akatuambia tusifanye lolote mpaka arudi, akashuka kumtafuta. Ukungu ukashuka naye. Cheryl akaona kitu kikitikisika kule chini, akapiga tena. Aliyelia alikuwa mtu.

Nilishuka, nikamfunga Ewan paja kwa skafu yangu, nikampandisha mgongoni, amezimia, hadi mahali ambapo helikopta ya uokoaji tuliyoiita ingeweza kutua. Tukiingoja, Cheryl aliniambia kwa upole kwamba bunduki alikuwa nayo Ewan, akateleza, ikafyatuka. Kisha akaniuliza viza yangu inaisha lini, ingawa anajua. Polisi walipokuja, nilisema alivyosema.

Hilo pekee ningekuficha. Lakini juma lililopita Ewan alinipigia kutoka hospitali. Mguu wameukata, na siku ile haikumbuki. Alinishukuru kwa kumbeba. Akasema ameshika bunduki miaka arobaini, na sasa wenzake wanamwita mzembe.

"Bethuel, wewe ulikuwepo," akaniuliza. "Kweli niliteleza?"

"Ndiyo," nikamjibu. "Uliteleza."

Akasema ahsante. Dada, aliniambia ahsante.

Tangu hapo naenda kazini na kurudi kama mtu aliyefungiwa. Cheryl hunisalimia kila asubuhi kwa jina. Nikinena, huenda nikafukuzwa nchi hii, au nikafungwa kwa kudanganya polisi. Nikinyamaza, yule mzee atakufa akijilaumu kwa kosa lisilo lake.

Mweleze Mama wewe mwenyewe, kabla hajasikia kwa watu. Msalimie shemeji, na watoto uwabusu.

Ni mimi mdogo wako,
Bethuel

Bahasha sijaifunga, kwa hiyo naongeza hili. Nimempigia Ewan sasa hivi, nikamwambia hakuteleza. Akaniomba niseme tena, polepole. Nikasema tena. Sasa navaa koti niende polisi.