Maharage Yaliyomwagika Makambako

Dada Rebeka mpendwa, kamwene.

Makambako kuna baridi na upepo wa kung'oa kofia. Jana nilikuwa nakula ugali na maharage kibandani, lori likapiga mshindo barabarani. Nilipojitambua nilikuwa chini ya meza, maharage kifuani, na mbele yangu ni Burma ileile tulikopigana vita, mwenzangu wa jeshini Yohana anaungua. Watu wakacheka. Nimechoka, dada.

Daktari wa Njombe aliniambia, "Ukiogopa sana, mwili humwaga dawa yake kwenye damu ili ukimbie. Nadhani dawa hiyohiyo hukaza kumbukumbu." Ndiyo maana harusi yangu nimeisahau nusu, lakini moto ule unanijia bila kuitwa. Na Mama bado ananiambia, "Sahau tu, mwanangu," kana kwamba nimegoma!

Mwenye kibanda hakucheka. Alinipakulia tena, akakaa karibu yangu mpaka nikamaliza kula.

Nikifika nyumbani Matembwe nikajitupa chini mbele ya wageni, msinishike wala msinihubirie. Wewe niite jina langu tu, polepole, nitakusikia.

Nawapenda nyote, na watoto wako zaidi.

Mdogo wako,
Eliya