Vidole Tumeviona

Mjukuu wangu Neema,

Nina miaka themanini na mbili, nimewazika wapiga zeze wenzangu wote wa Mvumi. Hatujambo, mtama umekubali, ila nyumba iko kimya tangu uondoke.

Unauliza upige nyimbo gani za fidla kwenye mtihani wa stashahada, na unataka za kasi tupu. Hata mimi, ambaye hakuna aliyenifikia, nilipiga kasi tupu kwenye arusi ya Tabitha. Vumbi lilipanda! Mama yake akanishika mkono: "We kijana, vidole tumeviona. Mwanangu anaondoka leo, nani atamlilia?"

Nikapiga polepole wimbo wa kusagia uwele. Akina mama wakalia. Niliporudia za kasi, walicheza kuliko mwanzo.

Ukibisha, muulize Tabitha, yuko Bahi. Ila njoo upesi, amebaki yeye tu aliyenisikia enzi zile.

Babu yako