Leo Nimesema Kortini Kwamba Mwanangu Alikimbia

Jumatano, mwezi wa tano, mwaka wa tatu wa Uhuru.

Mvua ilianza saa nane kama kawaida yake hapa Kakamega. Sasa imepungua, inadondoka taratibu juu ya mabati yangu. Nasema mabati yangu kwa sababu kwenye mlima huu mimi ndiye niliyeezeka mabati wa kwanza, na nyasi za wenzangu hazitoi sauti hii.

Moyo umetulia. Sijui kama ni amani ama ni uchovu tu.

Nataka niandike haya leo leo, kabla sijaanza kuyarembesha. Najijua. Mimi nikisimulia jambo mara tatu, mara ya tatu linakuwa limevaa viatu na tai. Marehemu mume wangu, alipokuwa akifanya kazi ya reli kule Nakuru, aliwaambianga wenzake kwamba mke wake akienda kuchota maji hurudi na habari ya ziwa. Walicheka, nami nilicheka nao. Kiswahili changu nilikiokota huko relini, na kusoma nilisoma mpaka darasa la nne, msichana peke yangu kati ya wavulana. Hilo si kujisifu, ni historia.

Nina watoto watano na wote ni wazuri. Lakini Josephat, kitinda mimba wangu, nimemsifu kuliko wote. Nimesema sokoni ana nguvu za fahali. Nimesema hajaangushwa na mtu tangu atoke jandoni. Ukweli ni kwamba Josephat ni kijana mpole, anayependa kuku na redio, na mieleka haijui.

Na sifa zangu hizo ndizo zilizokuwa zinamvuta kwenye kamba ya mnyongaji.

Mambo yalikuwa hivi. Mwezi wa kwanza kulikuwa na vita vya mafahali kule uwanjani. Fahali wa shemeji yangu alimfukuza fahali wa Shitandi mpaka kwenye mahindi ya watu, na Josephat akacheka. Shitandi alikuwa mtu mkubwa, mrefu kama mlango wa kanisa, na siku hiyo alikuwa amekunywa. Jioni tukasikia ya kwamba Shitandi amepigwa jiwe kichwani, tena nyumbani kwangu, na baada ya siku mbili akafia hospitalini. Nasema tukasikia kama vile mimi sikuwepo. Nilikuwepo. Niliona yote.

Majirani walipofika walimkuta Shitandi ameanguka kizingitini na Josephat amesimama mlangoni, jiwe mkononi, anatetemeka. Kila mtu akaniangalia mimi. Na mimi, mdomo wangu huu, nikawaambia mwanangu alimngoja pale mlangoni kama mwanamume, akampiga mara moja, akamaliza.

Hivyo ndivyo nilivyosema. Nilisema kwa kujivuna.

Polisi hawakuhitaji zaidi. Kumngoja mtu na jiwe mkononi ni kuua kwa kukusudia, na kuua kwa kukusudia hukumu yake ni moja.

Siku Josephat alipopelekwa mbele ya korti mara ya kwanza, karani alimuuliza kama ana pesa za wakili. Akasema hana. Mimi nikasimama kule nyuma nikasema tuna fahali na tuna mabati, sisi si maskini. Askari akanikalisha. Karani akaeleza kwamba kesi ikiwa ni ya kunyongwa, mshtakiwa asiye na uwezo hutafutiwa wakili na serikali, haachwi asimame peke yake. Watu wote wakageuka kunitazama. Sijawahi kuona haya namna hiyo.

Jirani yangu Rasoa, ambaye tumechumiana mboga tangu tuolewe, alinicheka njia nzima.

“Wakili wa bure ni kama daktari wa mifugo,” alisema. “Mgonjwa hamlipi, kwa hiyo hata hamuulizi panauma wapi.”

“Huyu atauliza,” nikamjibu.

“Ataulizanga nini, na analipwa na walewale wanaomshtaki? Uza fahali, mama. Rahisi ni ghali.”

Kusema kweli, nami nilikuwa nafikiri vilevile. Serikali ishike kamba huku, halafu huku imlipe mtu wa kuikata kamba? Tangu lini?

Wakili mwenyewe ni Mhindi wa Kisumu, mwembamba, na Kiswahili chake kimevunjika kuliko changu. Jumamosi iliyopita alikuja hapa nyumbani. Gari lake lilikwama kijitoni, akaja kwa miguu, suruali imekunjwa mpaka magotini. Nilikuwa nimechinja jogoo. Wakili ni mgeni, na mgeni nyumbani kwangu haondoki bila kula ingokho, kuku wa kwetu. Nikamwekea na firigisi kabisa, maana firigisi ni ya mkubwa. Akasema yeye hali nyama. Akaomba ndizi.

Nikakaa nikiwaza: hata firigisi hataki, huyu atatutetea na nini?

Nikamuuliza lile swali la Rasoa. Hakukasirika. Alimenya ndizi yake akasema, “Mama, serikali nalipa mimi, kweli. Lakini nalipa mimi nisimame na kijana yako. Mimi hapana mtu ya serikali. Kama mtu moja nakufa bila mtu ya kumsemea, hiyo hapana kesi, hiyo ni kuchinja tu.”

Kisha akaanza kuuliza. Rasoa angekuwepo angeona haya, kwa jinsi alivyouliza. Mlango unafungukia ndani ama nje? Shitandi alikuja kutoka upande upi? Jiwe lile, liko kortini, jiwe laini la mtoni, na kutoka hapa mpaka mtoni ni mbali. Josephat alilitoa wapi?

Nikasema aliliokota uani. Akatoka uani kwenye mvua, akazunguka, akarudi. Uani kwangu hakuna jiwe. Uani kwangu nafagia mara mbili kwa siku, mtu yeyote wa mlima huu atakuambia.

Akasimama mlangoni mwa chumba changu cha kulala, hakuingia, ana adabu zake. Pazia lilikuwa wazi. Alitazama kitanda changu cha chuma, kile alichokileta marehemu kwa treni. Nimekiinua kwa mawe ya mtoni kwa sababu ya unyevu. Mguu wa upande wa ukutani sasa unakaa juu ya kipande cha kuni.

“Mama,” aliniambia polepole, “jiwe ya hapa iko wapi?”

Nililia. Sikuwa nimelia tangu mwezi wa kwanza.

Basi nikamwambia. Josephat alitoka uwanjani mbio, Shitandi nyuma yake na rungu. Josephat ana nyumba yake mwenyewe pembeni mwa boma, lakini hakukimbilia kwake. Alikimbilia kwangu. Alipita sebule, akaingia chumbani mwangu, akajisukuma chini ya kitanda changu, akaniita mama kama mtoto wa kunyonya. Shitandi akaingia nyuma yake, akamshika mguu, akawa anamvuta na kumpiga magotini. Ndipo Josephat akapapasa, akapata jiwe, akarusha mkono bila hata kuangalia. Shitandi akatoka akiyumba mpaka kizingitini. Josephat akatoka nyuma yake, bado amelishika jiwe, hajui amelishika.

Mtu wa mbali hataelewa kwa nini nilificha. Wakili pia hakuelewa mpaka nilipomfafanulia. Kwetu kijana akishatahiriwa haingii chumba mama yake anapolala. Hata nikiwa mgonjwa wa kufa, wangeitwa wanawake wengine wanitoe. Kuingia humo, tena chini ya kitanda, si jambo la kuchekwa tu. Ni mwiko. Kondoo wa kutakasa lazima achinjwe, wazee waite watu, na jina baya linabaki. Nilifikiri nikisema alisimama mlangoni nitakuwa nimemwokoa na hilo.

Nilimwokoa na aibu nikampeleka kwa mnyongaji.

Jumatatu nilienda kumwona rumande. Nikamwambia Wakili amejua. Josephat akasema, “Mama, usiseme hilo mbele ya watu. Afadhali kamba.” Ana miaka ishirini na mbili. Katika umri huo mtu hudhani kamba ni neno tu.

Akabadilisha mazungumzo. Akanisimulia juu ya kijana wa Khwisero waliyelala naye seli moja, aliyeshtakiwa kuvunja duka. Kesi hiyo si ya kunyongwa, kwa hiyo wakili wa serikali hakupewa. Alisimama peke yake mbele ya hakimu, hajui hata kuuliza mashahidi swali, akapewa miaka saba kabla ya chai ya saa nne. “Mimi nina bahati,” Josephat alisema, “nimeshtakiwa kubwa.” Alicheka alivyosema hivyo. Mimi sikucheka.

Wakili alizungumza naye jana. Aliniambia kijana amesema yeye mwenyewe hatafungua mdomo, lakini mama akitaka aseme, aseme.

Basi leo nikavaa kitambaa changu cheupe cha Umoja wa Akina Mama wa kanisani, nikapanda kizimba cha mashahidi. Jaji ni Mzungu mwenye zile nywele za kuvaa. Pembeni yake wameketi wazee watatu wa kumshauri, watu wa huku huku, wenye miji na wajukuu. Kuna mkalimani, lakini nilisema simhitaji, Kiswahili changu kinatosha. Hata pale nilishindwa kujizuia.

Kabla yangu Rasoa alikuwa ameshatoa ushahidi wa serikali. Simlaumu. Alirudia nilichosema mimi mwenyewe siku ile, neno kwa neno, na alikuwa analia.

Wakili aliniuliza, “Mama, kijana yako alikuwa wapi wakati Shitandi nampata yeye?”

Nilimwangalia Josephat. Alikuwa anatazama sakafu.

Nikasema, “Chumbani kwangu. Chini ya kitanda ninacholala.”

Mkalimani alianza kutafsiri akakwama. Jaji akainua kichwa. Kwake yeye, nilivyoona, hicho kilikuwa chumba tu na kitanda tu. Lakini wale wazee watatu waliinamisha vichwa pamoja, kama watu waliomwagiwa maji. Mkubwa wao, mwenye fimbo, akamwomba jaji ruhusa aniulize.

“Mama, unajua umesema nini?”

“Najua, baba.”

“Unajua watu wako wanasikia?”

“Wanasikia. Nilisema uongo kwao kwanza. Mwanangu hakumngoja mtu. Alikimbia. Alikimbia mpaka pale mtoto hukimbilia, na yule mtu akamfuata hata huko.”

Mzee hakuuliza lingine. Alimgeukia jaji, akamweleza kupitia kwa mkalimani, pole pole, kwamba hapa kwetu mama anaweza kumdanganyia mwanawe chochote, lakini hakuna mama atakayetunga hilo. Jaji aliandika kwa muda mrefu. Kalamu yake ilisikika.

Wakili wa upande wa mashtaka alisimama na maswali yake. Kwa nini nilisema vingine siku ile? Nikamwambia kwa sababu napenda kusifu watoto wangu, na hiyo ni kazi ambayo sijawahi kufundishwa pa kuishia. Watu wengine walicheka kidogo. Mimi nilikuwa nasema kweli.

Nilipotoka, Rasoa alikuwa kwenye ngazi ananingoja na mwavuli. Hakunitania. Alisema tu, “Ungeniambia, mama. Ningesahau nilichosikia.” Nikamwambia hapana, angeapa uongo kwa ajili yangu, kisha tungekuwa wawili. Tulitembea mpaka njia panda bila kusema, jambo ambalo halijatokea tangu tuolewe.

Wakili aliniambia anaona njia. Hakuahidi. Nimeanza kumpenda kwa sababu haahidi. Nilimuuliza kama nikiuza fahali nimlipe hata kidogo, akakataa, akasema akichukua kitu kwangu atakuwa ameharibu kazi. Nikambebea ndizi. Ndizi alichukua moja.

Sasa ni jioni na nimekaa peke yangu. Ijumaa wazee watatoa maoni yao, kisha jaji atasema. Ninajiuliza maswali mengi. Yule wa Khwisero, mama yake yuko wapi jioni hii, na kama naye alikuwa na neno la kusema, nani alimuuliza? Je, ni lazima mtu ashtakiwe kubwa ndipo apewe mtu wa kumsemea? Sina jibu. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, lakini swali si baya.

Lakini kinachonikaa kifuani ni kingine. Askari walipokuwa wanampeleka Josephat kwenye gari, alinipita karibu hivi, ningeweza kumgusa shati. Hakunitazama. Si kwamba hakuniona. Alikaza shingo.

Kwa hiyo hata akiachiliwa, labda hatanisalimia. Labda atahamia Kabras akatafute kazi kwenye viwanda vidogo vya sukari guru, ambako hawajui alikojificha. Labda atamwoa msichana wa watu na mimi nisiitwe, na wajukuu wangu wakue bila kula ugali wangu, ambao ndio mzuri kupita wote.

Nimelifikiria hilo tangu mvua ianze, na nimekubali.

Anichukie. Anichukie mwaka huu na mwaka ujao, anichukie akiwa na watoto, anichukie mpaka aote mvi.