Nilizifuta Nafasi za Mzee Alipokuwa Hayupo

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie, nimebanwa na jambo ambalo nikilisema ofisini nitamwaibisha mtu na nikilinyamazia nitampoteza, na nyumbani mume wangu amelisikia mpaka amechoka, ndiye aliyeniambia nikuandikie.

Mimi ni mama wa watoto wawili, kazi yangu ni kutengeneza tovuti, na tangu mwaka jana ni kiongozi wa kikundi cha watu watano. Tunaandika maagizo ambayo kompyuta huyafuata, sisi tunayaita msimbo, na kila mmoja alikuwa na mwandiko wake, huyu anabananisha mistari, yule anataja vitu kwa vifupisho anavyovielewa mwenyewe, mwingine anaandika tarehe kwa kuanza na mwezi badala ya siku. Hiyo ya tarehe ndiyo iliyotuponza, maana tovuti yenyewe ni ya hospitali, wagonjwa huitumia kupanga siku ya kumwona daktari, na mama mmoja alimleta mtoto wake siku isiyo yake akarudishwa. Bosi akaniita. "Nataka mwandike kama mtu mmoja," akasema. "Mwisho wa mwezi iwe imekwisha."

Katika kikundi yumo mzee mmoja, mkubwa kwetu sote, ndiye aliyenifundisha kazi hii nilipoingia sijui hili wala lile, alikuwa akivuta kiti anakaa pembeni yangu asubuhi nzima na hata siku moja hakunipandishia sauti. Mwandiko wake ni wa peke yake. Akiandika mstari anaruka mstari, mistari ya ndani anaisogeza mbali kweli, na juu ya kila kipande anaweka maelezo marefu kama anamwandikia ndugu yake aliye safarini. Wenzangu wakamwita Mzee Nafasi, mbele yake, yeye anacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka pia.

Tulipokaa ili tukubaliane mtindo, wanne tulitaka mistari ibanwe. Yeye akasema tu, "Mimi naomba nafasi zibaki," sababu hakutoa, tukabishana saa mbili tukaondoka mikono mitupu. Wiki iliyofuata akaomba ruhusa ya siku tatu, na hapo ndipo nilipofanya nililolifanya. Ipo programu inayopanga upya faili zote kwa mkupuo mmoja, nikaiwasha, ikabana mistari, ikafuta nafasi, na yale maelezo yake nikayafuta kwa mkono wangu mwenyewe, moja baada ya jingine, nikijidanganya kwamba akirudi atakuta jambo limeshapita na hatakuwa na la kubishania.

Alirudi Alhamisi. Akawasha kompyuta, akasogeza uso karibu na kioo, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akaniuliza polepole, "Mwanangu, haya umeyafanya wewe?"

Nikamjibu, "Ni uamuzi wa kikundi, mzee."

Ulikuwa uongo, na wenzangu waliokuwa wanasikia wakainamisha vichwa. Akasema, "Haya." Jumatatu akaleta notisi ya mwezi mmoja.

Juzi mke wake amenipigia simu. "Usimwambie kama nimekupigia," akasema. "Zile siku tatu alikuwa kwa daktari wa macho. Jicho moja limekwisha, la pili linakwenda. Mistari ikibanana haoni kitu, anaona doa jeusi. Zile nafasi ndizo zilizokuwa zinamwezesha kufanya kazi." Nilikuwa jikoni, nikakaa chini sakafuni palepale, mwanangu mdogo akaja kuniuliza kama nimeanguka.

Sasa nifanyeje? Nikimwomba radhi ghafla atajua mkewe amesema, nikiwaambia wenzangu nitatoa siri isiyo yangu, bosi alitaka mtindo mmoja na ameupata, anafurahi, na mzee amebakiza siku kumi na saba.

Ni mimi, niliyemfukuza bila kumfukuza.

*

Mdogo wangu,

Pole. Mtu asiye na utu angefurahi pamoja na bosi na kulala usingizi wake. Wewe umeandika, na hilo nalihesabu upande wako.

Lakini nikuseme kidogo. Unajitesa kwa sababu ya macho ya mzee. Je, angekuwa anaona hata sindano iliyoanguka mchangani, ungekuwa na haki ya kungoja atoke ndipo uivamie kazi yake? Usingekuwa nayo. Ulimvizia, kisha ukawatwika wenzako uongo wako. Kosa ni hilo, na ukilielewa utaona kwamba njia haijafungwa kama unavyodhani, maana kuliombea radhi hakuhitaji hata neno moja la siri ya mkewe.

Kesho asubuhi nenda mezani kwake. Mwambie, "Nilifanya mwenyewe, nilikungoja utoke, na nilikudanganya. Naomba radhi." Usiulize habari za afya. Usilie, ukilia atalazimika kukubembeleza wewe. Halafu geuka, waambie wenzako mbele yake kwamba uamuzi haukuwa wao. Na lile jina la utani uwe wa kwanza kuliacha.

Kuhusu huo mtindo wenu, mimi kompyuta naijua kuiwasha na kuizima, kwa hiyo nimemuuliza mama anayetunza tovuti ya gazeti letu. Ameshangaa kwamba mlibishana saa mbili. Anasema tarehe na majina ya vitu lazima yawe mamoja, hapo hakuna kubembelezana, yule mama aliyerudishwa na mtoto wake anawadai hilo. Ila umbali wa mstari kutoka pembeni mnaweza kuuandika kwa kile kitufe kinachosogeza mstari kwa mruko mmoja badala ya kugonga nafasi nyingi, kisha kila mtu akaupanua au kuupunguza kwenye kioo chake bila kumgusa mwenzake. Mistari mitupu na maelezo hayapunguzi kasi ya tovuti, wagonjwa hawayaoni, yabaki. Na hayo uliyoyafuta anasema nakala zake za zamani mnazo. Yarudishe kabla hujafungua mdomo kuomba radhi.

Mkutano uitishe upya. Kila mmoja aulizwe nini kinamchosha anaposoma kazi ya mwenzake, ukianza wewe. Zamu ya mzee ikifika, akisema amesema, akinyamaza mwacheni. Mkewe mpigie umwambie akamweleze mumewe mwenyewe kwamba alikutafuta, mzigo huo si wako kuubeba. Bosi mwambie kazi haijaisha kwa sababu uliikosea, na utaje kosa ni la nani.

Huenda mzee akaondoka hata hivyo. Ni haki yake. Wewe nenda kesho, siku kumi na saba zinakatika.

*

Wiki tatu baadaye mama huyu alituandikia tena:

Dada, nilikwenda. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya meza, kisha akasema, "Nilijua ni wewe. Hawa wengine hawana subira ya kufuta maelezo yote yale."

Kwenye mkutano, nilidhani zamu yake ataipitisha. Ilipofika akawaambia habari za macho yake kwa maneno machache, kama mtu anayesoma orodha ya vitu dukani. Yule aliyeanzisha jina la utani akainuka, akachomoa kioo cha kompyuta yake, ndicho kikubwa kuliko vyote ofisini, akakipeleka mezani kwa mzee, akarudi na kile kidogo cha mzee.

Notisi hajaifuta. Ameisogeza miezi sita, anasema atasikia jicho linasemaje. Jana tumeandika kanuni zetu, ukurasa mmoja, yeye akisema na mimi nikiandika. Tulipofika mwisho akafumba macho, akasema, "Nisomee, mwanangu. Polepole." Nikamsomea.