Watu Walioridhika wa Kaunti ya Lodgett

Jumatatu, 5 Machi 2018

Barua pepe imeingia kwangu, ofisi ya uwekezaji ya kaunti, kutoka kwa Bi. Renner wa Chicago — yule dalali anayeyatafutia makampuni mahali pa kujenga viwanda. Mradi umepewa jina la siri, "Bata". Jina la kampuni hakuna, ndivyo walivyo, wanajificha mpaka siku ya mwisho. Ajira mia na arobaini. Nimesoma mara tatu nikiwa nimesimama.

Maswali yao: reli iko umbali gani? Mita mia nne. Barabara kuu? Naiona dirishani. Umeme, mkongo wa intaneti, uwanja mdogo wa ndege — vyote tunavyo, nusu ya Nebraska inapita hapa ikienda kwingine. Halafu swali la ajabu: mwezi wa nane upepo unatoka upande gani? Upepo! Kiwanda gani kinajali upepo? Lazima kitu chenye harufu. Chakula cha mbwa? Vitunguu? Nitakufa kwa hamu ya kujua.

Nimempigia mume wangu Lambert huko Lincoln, wakati wa mapumziko yake kiwandani. Nikamwambia kuna jambo ila siruhusiwi kulisema. Akacheka: "Basi umeshalisema." Bosi wake bado anamsukuma ahamie huko moja kwa moja, awe msimamizi. Anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Miaka sita sasa nina mume kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili saa kumi. Akikubali, tunauza nyumba na tunaondoka. Kwa hiyo wengine waite uwekezaji. Mimi namtaka mume wangu hapa, katikati ya wiki, kwenye hii nyumba.

Jumatano, 7 Machi

Otakar Zelenka keshajua. Ni mwenyekiti wa baraza la kaunti, na anauza vipuri vya trekta, kwa hiyo habari zote zinapitia kaunta yake. Mimi nilimuuliza upepo tu. "Mama, mtu haulizi upepo wa Agosti mwezi wa tatu bila sababu." Yeye anasema ni sabuni. Mimi nimeng'ang'ania chakula cha mbwa. Tumewekeana dau la bia moja.

Ijumaa, 9 Machi

Samaki wa Kwaresima kwenye ukumbi wa kanisa la Mtakatifu Prokopi. Foleni mpaka nje. Na mgeni mmoja! Koti la kazi jipya kabisa, bado lina mikunjo ya dukani. Kala sahani tatu na kolachi nne, vile vimkate vitamu vya plamu, akihama meza hadi meza, akiuliza watu habari za kazi zao. Mpita njia hali hivyo.

Nilichungulia gari lake. La kukodi. Kiti cha nyuma: chupa sita za maji ya bomba, kila moja imeandikwa jina la mji. Ya kwetu ilikuwa imeshajazwa. Kwa hiyo wanapima maji. Labda Otakar yuko sahihi na sabuni yake, sijui.

Nikamfuata kwenye birika la kahawa, nikajifanya natafuta sukari. Tukaongea kidogo. Mtu mpole. Lambert aliingia saa moja na nusu, kachoka, kapata samaki wa mwisho, akakaa naye muda mrefu kuliko mtu yeyote. Nikafurahi. Lambert hupendwa na watu.

Jumanne, 13 Machi

Bi. Renner kapiga simu. Tumeachwa.

Reli nzuri. Maji mazuri. Hata upepo ni mzuri. Kilichotuangusha ni sisi wenyewe. Mgeni aliuliza watu ishirini na saba kama wangetaka kazi mpya hapa karibu, yenye mshahara mzuri zaidi. Wote ishirini na saba: asante, niko sawa, namshukuru Mungu. Kaandika kwenye ripoti yake kwamba wakazi wameridhika na wafanyakazi hawatapatikana.

Wameridhika! Ivadell aliyekaanga wale samaki anasafisha hoteli mbili na kuendesha basi la shule. Lakini mgeni akuulize mbele ya majirani, mdomo umejaa samaki, useme maisha yamekushinda? Hapa hata aliyekatwa mguu atakwambia si mbaya, bado anao mwingine.

Nimembembeleza Bi. Renner. Kanipa mpaka Jumatatu saa sita mchana: majina sitini, na sahihi, ya watu wanaoitaka kazi hiyo.

Alhamisi, 15 Machi

Siku mbili za kuzunguka. Majina: sifuri. Ivadell kaisoma karatasi vizuri, akanirudishia: "Wenzangu wakianza, niletee." Kila nyumba jibu ni hilo hilo. Hakuna anayetaka jina lake liwe juu kabisa kwenye orodha, peke yake, kama ombaomba. Otakar anasema nibuni majina kumi ya mwanzo, wengine watafuata. Sijui kama alitania. Nimeliwaza hilo njia nzima mpaka ofisini.

Jumapili, 18 Machi

Nilisubiri tumalize kula. Nikamuuliza Lambert alimwambia nini yule mgeni.

"Aliniuliza kama ningependa kazi karibu na nyumbani. Nikamwambia niko sawa."

Yuko sawa. Analala chumba cha kupanga, anapika supu ya kopo, anafua soksi kwenye sinki. Nimepandwa na hasira, nikamwaga siri yote ya Bi. Renner. Miaka yote hii nawauzia watu reli na barabara, na aliyeniharibia ni mume wangu wa ndoa!

Kanisikiliza. Kaosha sahani yake. Halafu taratibu: "Na wewe? Mlisimama pale kwenye kahawa. Alikuuliza nini?"

Nikasema mambo ya mji tu.

"Marlys."

Aliniuliza kama mume wangu anafanya kazi hapa. Nikasema hapana, Lincoln. Akauliza, si vigumu? Na mimi, ofisa uwekezaji wa kaunti, ambaye nilishamjua ni nani, nikacheka. Nikasema tumeshazoea, siku tano zinapita upesi. Lilitoka lenyewe.

Nimemwambia Lambert hivyo hivyo. Nilidhani atacheka. Akakaa.

"Mimi nilijua umezoea kweli," alisema. "Kila Jumapili unanifungia sandwichi unaimba."

Naimba ili nisilie. Hilo pia nimemwambia, leo, baada ya miaka sita.

Saa kumi imeshapita. Begi lake liko mlangoni. Karatasi ya majina iko mezani katikati yetu, mistari sitini mitupu, na mimi naandika hapa. Lambert kaivuta upande wake. Anauliza kama inaruhusiwa kuandika na sababu. Nimesema wanataka jina na sahihi tu. Yeye anataka kuandika sababu. Anasema nimpe hii kalamu ninayoandikia.