Ramani Iliyobandikwa Juu ya Kitanda

Mwenda mjukuu wangu,

Huku Ruiri sote tu wazima, na ng'ombe amezaa. Babu yako amempa ndama jina lako, kwa hivyo usishangae ukisikia umetoroka tena.

Umeniuliza ufanye nini, faili ya mchoro wako imekataa kufunguka. Usiirekebishe kabla ya kuinakili. Kisha tafuta ile nakala ambayo kompyuta hujiwekea yenyewe.

Miaka ya tisini, nikichora majengo mjini Meru, stima ilipotea nikihifadhi ramani ya ukumbi wa kanisa la Kibirichia. Faili ikaharibika, na diski ya akiba nayo haikusomeka. Waumini walikuwa wameshakusanya mawe.

Ndipo nikamkumbuka jirani yangu, Mama Kathure. Karatasi za ofisini tulizochapia michoro ya majaribio nilimpa abandike kwenye kuta za nyumba yake ya mbao, azuie baridi. Nikakimbia kwake. Ukumbi wote ulikuwa pale juu ya kitanda, vipimo vikisomeka vizuri, isipokuwa jiko. Hapo alikuwa ametoboa dirisha.

"Sasa jiko nitalichoraje?" nikamuuliza.

"Keti nikwambie," akasema, akinimiminia chai. "Kwanza weka milango miwili. Sufuria za arusi hazipishani kwa mmoja."

Tulicheka mpaka chai ikapoa, nikachora alivyotaka. Tangu siku hiyo kila mchoro wangu ulikuwa na nakala katika nyumba nyingine.

Ukija Desemba nitakupeleka ukaone. Ndilo jiko la pekee nililochora ambalo hakuna mama aliyewahi kulilalamikia.

Nyanya yako