Tumehamia Kinama, na Kiwanja Chako Usikiuze

Kinama, Bujumbura
Jumapili, 21 Septemba 2025

Yaya Dorothée, dada yangu mkubwa mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, wewe na wote wanaolala chini ya paa lako. Afya yako ikoje? Mgongo umepoa, au bado unakusumbua ukiinama kufua? Na Mama je, presha yake imetulia? Anapata usingizi? Shemeji Namegabe alipona ile malaria? Sisi huku hatujambo. Annick mzima, Chance mzima na amerefuka hata anampita mama yake, na Vainqueur ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa anacheka huku ameziba mdomo. Mimi mwenyewe nimekonda kidogo, lakini usishtuke Kelly akikuambia. Ni jua na ngazi, si ugonjwa.

Kelly, binti wa mchungaji wetu, ndiye anayekuletea barua hii, kwa sababu anakuja huko Lubumbashi kwenye harusi. Kwa simu nimejaribu mara nyingi, na kila mara mtandao unakatika pale unapoanza kulia, nabaki sijui ulichosikia na usichosikia. Halafu juzi Mama akaninong'oneza kwa simu kwamba unatafuta mtu wa kununua kiwanja chako ili unitumie pesa. Yaya, usikiuze. Nakuomba unisome hadi mwisho kwanza, ndipo uzungumze na mnunuzi yeyote.

Kazi iliisha mwezi wa tano. Bwana Chabani, yule patroni wangu mwenye depo ya vifaa vya ujenzi, alituita uani asubuhi kabla hatujafungua mlango. Sote tulikuwa tumeona rafu zinavyokuwa tupu. Dola za kuagizia mali zilikuwa hazipatikani, na wateja walikuwa wakiuliza saruji na kuondoka. Alisimama mbele yetu, mzee wa watu, macho chini, akasema depo inafungwa. Hakumtuma mtu aseme kwa niaba yake, na kwa hilo namheshimu. Kila mmoja alilipwa haki yake. Mimi niliomba pia cheti cha kazi, chenye muhuri, kinachoeleza miaka niliyotunza stoo yake na kuchanganya rangi za wateja. Wenzangu walicheka, wakasema karatasi hailiwi. Nilikipata.

Nilitembea kwa miguu hadi nyumbani Ngagara ili nipate muda wa kufikiri. Nilimkuta Annick anachambua mboga za lengalenga.

"Iko nini? Mbona unafika mapema?"

"Kazi imeisha."

"Ya leo, ao ya kabisa?"

"Ya kabisa."

Aliweka kisu chini. Nilidhani atalia. Akasema, "Basi kaa, kula kwanza. Kisha tuongee yote, na usinifiche kitu." Yaya, nikikuambia nimeoa mtu, nimeoa mtu.

Tuliongea mpaka sauti zikatukauka. Tulianza na vitu ambavyo haviwezi kungoja: chakula, minervali ya watoto shuleni, dawa za Mama. Kisha tukatazama vinavyoweza kukatwa, na hapo ndipo nilipoona jinsi tulivyokuwa tukiishi kwa mazoea tu. Televisheni ya kulipia ilikwenda, bia zangu za Jumamosi zikaenda, na ile likelemba ya mtaani ambapo tulikuwa tunachangia zamu ya kila mtu tukaiaga kwa adabu baada ya kumaliza zamu yetu. Lakini hata tungekata nini, kodi ya nyumba ya Ngagara ilikuwa inakula kila kitu. Annick ndiye aliyelisema, mimi nilikuwa naogopa kulitamka: lazima tuhame mapema, wakati bado tuna pesa mkononi, tusingoje kufukuzwa.

Tuliwaita watoto tukawaambia wazi kwamba tunahamia Kinama, ambako kodi ni nafuu. Vainqueur aliuliza kama Kinama kuna mpira. Chance, ambaye mwaka huu yuko darasa la mwisho la sekondari, alisimama.

"Mi siende. Masomo yangu iko hapa Ngagara. Mutanitoa mbali na kila kitu, alafu mutaniuliza mbona nimeanguka mutihani."

Annick alitaka kumkemea, nikamzuia. Mtoto alikuwa anasema kweli. Kwa wiki nzima alitusalimu asubuhi na jioni, basi, hakuna neno la ziada. Hilo lilinichoma kuliko hata siku ya uani kwa Chabani.

Sasa, pesa ya kuachishwa kazi ina harufu, Yaya. Watu huisikia kutoka mbali. Prodige, unamkumbuka, yule tuliyesoma naye Uvira, alikuja na soda mbili mkononi, amevaa vizuri. Unajua huku mafuta ya gari yanavyokosekana. Watu wanalala kwenye mstari wa kituo.

"We Byamungu, franga zinalala tu ndani ya nyumba? Nipe, nilete esansi toka ng'ambo. Kwa muda mufupi zinakuwa mara mbili."

"Na wakikukamata?"

"Apana, mi najua njia."

"Zile pesa ni chakula cha watoto. Siwezi kuzituma kwenye njia unayoijua we peke yako."

Alicheka, akasema nimekuwa mzee. Nakiri kwako kwamba nilivutwa. Alipoondoka nilikaa nikifikiria hiyo mara mbili yake hadi Annick akaniuliza ninatabasamu nini. Kesho yake tuliziweka pesa kwenye kopa, ule ushirika wa akiba, kwa majina yetu wawili, ili asiwepo wa kutoa bila mwenzake. Prodige yuko hai na anaendelea na mambo yake. Simlaumu, ila sikumpa.

Kisha nilikwenda kwa Mama Assia, mwenye nyumba wetu. Ni mama wa Kiislamu wa mji huu tangu enzi za babu zake, mjane, anaishi peke yake kwenye nyumba ndogo nyuma ya ile tuliyopanga. Nilivaa shati la kanisani. Nikamwambia nimepoteza kazi, kodi ya mwezi ule nilikuwa nayo, wa mbele yake sina uhakika, kwa hiyo naomba nimpe taarifa tuondoke vizuri.

Alinikaribisha kiti. "Wapangaji wengine wanatorokaka, mi nakuta mulango wazi na funguo hakuna. We unakuja kuniambia mbele." Akageuka akaangalia ukuta. "Na nyumba imechakaa. Mupangaji mupya ataikataa. Si ulikuwa unachanganya rangi kwa Chabani?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nipakie hii nyumba rangi, na mwezi wa mwisho usinilipe."

Hivyo ndivyo kazi yangu mpya ilivyoanza, Yaya: nikipaka rangi nyumba ambayo shida ilikuwa inanitoa. Nilikwaruza kuta, nikaziba nyufa, nikachanganya rangi kwa mkono mpaka nikapata kijani kile laini cha ndani ya parachichi, karibu na kokwa. Chumba cha watoto nilikiacha cha mwisho. Nilipoingia na ndoo, sikuchovya brashi. Vainqueur alizaliwa tukiwa mle, na Chance alijifunza kusoma akiwa ameegemea ule ukuta, na mimi nikawa nawatengenezea watoto wa watu wengine. Annick alinikuta nimekaa juu ya ndoo. Alifunga kitambaa kichwani, akachukua brashi ya pili, akaanza upande wa dirishani. Tulimaliza pamoja.

Mama Assia alizunguka vyumba vyote, akagusa ukuta kwa kidole. "Mashallah," alisema, na kabla ya jioni alikuwa amewaleta jirani wawili waone. Mmoja alinipa kazi ya baraza lake pale pale.

Siku ya kuhama, wakati tunapakia godoro kwenye mkokoteni, mama yule alimwita Chance. Nilidhani anamuaga. Kumbe alimwambia, "Mi niko peke yangu, na usiku moyo unanienda mbio. Siku za masomo ulale hapa kwangu. Utakula chakula yangu, utasali kwa namna yako." Akanigeukia mimi: "Baba Chance, unakubali?" Niliitikia kwa kichwa. Chance alimkumbatia yule mama, halafu akaja akanikumbatia na mimi. Tangu hapo anakuja kwetu Ijumaa jioni na kurudi Jumapili baada ya ibada. Mama Assia anamwamsha asome kabla ya jua, na anajisifu kwangu kana kwamba mtihani ataufanya yeye.

Huku Kinama tuna vyumba viwili na kibaraza. Maji tunachota kwa jirani, na minibasi zikikosa mafuta tunatembea. Sitakudanganya kwamba ni Ngagara. Lakini watu wa hapa wanajenga, kidogo kidogo, chumba kwa chumba, na niliona kitu nikiwa bado natafuta misumari: mtu anataka kupaka mlango mmoja au dirisha moja, na madukani wanamuuzia mkebe mzima, hawezi. Basi nilitoa sehemu ndogo ya akiba, Annick akatia sahihi yake, nikanunua madebe machache, na sasa nauza rangi kwa kipimo pale kibarazani. Chupa moja, nusu chupa, rangi unayoitaka nakuchanganyia huku unaona. Mafundi wamenizoea.

Nimekosea pia. Mwanzoni niliwakopesha mafundi, wakanizungusha, na ilibidi siku moja nimwambie Annick kwamba dukani hamna rangi wala pesa. Tangu hapo sikopeshi hata mchungaji, na mchungaji anajua. Mvua nazo zinakaribia, na wakati wa mvua hakuna anayepaka ukuta wa nje. Hilo tumelifikiria: Annick anashona sare za shule kwa cherehani yake, na tulichopata kiangazi hatujakila chote. Na cheti cha Chabani nimekipeleka hadi Kigobe, Ngagara, mjini, kila palipo na depo. Sikukaa nikingoja duka peke yake linikomboe.

Kuhusu Mama. Sitaweza kutuma kama zamani mpaka mvua zipite. Lakini dawa za presha hazikatizwi, kwa hiyo kila mwezi nitatuma kinachotosha dawa, hizo tu, na nitazituma kabla sijanunua rangi. Mengine nakuomba uyabebe wewe na shemeji kwa kipindi hiki. Kiwanja kiache. Pesa yake tungeila mwaka mmoja, na baadaye wewe ungebaki huna pa kujenga. Ukitaka kunisaidia, niombee na unipigie simu bila kulia.

Nimalize na la wiki iliyopita. Alikuja hapa kibarazani mtu mwenye gari, Bwana Ilias, mjenzi wa nyumba za kupangisha kule Kigobe. Alikuwa ameona cheti changu mahali nilipokipeleka. Alitazama chupa zangu zilivyopangwa, akasema anatafuta mtunza stoo, mshahara wa kila mwezi, nianze mara moja. Yaya, mwezi wa sita ningempigia magoti. Nikamuuliza kama nyumba anazojenga zimepakwa rangi.

"Bado. Mafundi wa rangi wananisumbua."

"Basi stoo mupe mwingine, patroni. Mi nipe rangi. Nikuuzie, nichanganye, nipake. Nyumba ya kwanza usipoipenda, ya pili usinipe."

Alinusa kidole alichokuwa amechovya kwenye kopo. "Uje kesho uione," akasema, akaondoka.

Annick alikuwa amesikia yote kutoka ndani. Alitoka na sindano ikiwa bado mdomoni, akaitoa polepole.

"Umekataa mushahara?"

"Nimekataa."

Alikaa kwenye kizingiti. Nilijiandaa kwa maneno. Akaniuliza, "Sasa kwa nyumba nzima, inaomba madebe ngapi?"

Nilikwenda, Bwana Ilias alinipa malipo ya kwanza, na Alhamisi nilimaliza sebule. Ijumaa alipita, akasimama katikati ya chumba, akawasha taa na kuizima, akaniambia nipime nyumba ya pili.

Nisalimie Mama, mshike mikono yote miwili kwa niaba yangu. Msalimie shemeji Namegabe, na watoto wote mmoja mmoja. Annick anakusalimu sana, Chance na Vainqueur wanakuamkia, na Mama Assia, ambaye hujawahi kumwona, ameniagiza nikusalimu kama ndugu. Mungu akulinde unapotoka na unapoingia, akupe mgongo wenye nguvu na usingizi usio na mashaka juu yetu.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye siku zote,

Byamungu